Fahali wa Mawe na Mbogo wa Masimulizi

Miongoni mwa kazi za uchongaji zilizosalia katika nchi zilizokuwa chini ya Dola ya Kirumi, ni chache mno zilizorudiwa mara nyingi kama sura ya Mithras akimwua fahali. Mamia ya sanamu na mabamba ya mawe yenye sura hiyo yamefukuliwa, tangu Uingereza hata Shamu, na yaliyo mengi ni ya karne ya 2 na ya 3 baada ya Kristo. Mtu akisha kuona moja huyatambua yote. Hata hivyo hakuna kitabu hata kimoja cha waumini wa dini hiyo kilichosalia kueleza kwa nini fahali yule auawa. Sura iko, maneno yake hayako. Jambo hili lawapasa wanafunzi wa lugha za Afrika ya Mashariki kuliangalia, wala si kwa ajili ya Warumi peke yao. Katika nchi iliyo kusini ya Ziwa Viktoria, tangu Geita na Bukombe hata Kahama na Shinyanga, imesimuliwa habari ya mtu na mnyama mwenye pembe, ambayo hali yake ni kinyume cha hiyo: maneno yapo, na sura ya mawe haipo.

Kwanza na itazamwe sura yenyewe. Mahali pake ni pango. Kijana aliyevaa kofia ya Kifrigia, yenye ncha iliyokunjika mbele, amemwangusha fahali na kumkandamiza mgongoni kwa goti la kushoto. Kwa mkono wa kushoto amemshika pua au taya na kukivuta kichwa chake juu. Kwa mkono wa kuume amemdunga kisu karibu na bega. Joho lake limefura nyuma kama tanga. Mbwa na nyoka wanaikimbilia damu. Nge ameshika korodani za fahali. Kunguru ametua karibu na joho. Mara nyingi mkia wa fahali huishia katika masuke ya ngano. Kuume na kushoto wamesimama vijana wawili wenye mienge: Cautes ameuinua mwenge wake, Cautopates ameuelekeza wake chini. Juu, katika pembe mbili za bamba, Jua liko upande mmoja na Mwezi upande wa pili.

Bamba mashuhuri kuliko yote pengine ni lile liitwalo la Borghese. Lilitoka katika kilima cha Capitolium mjini Roma, likakaa katika hazina ya ukoo wa Borghese, kisha Napoleon akalinunua mwaka 1807 pamoja na sanamu nyingine nyingi za ukoo huo, nalo likawa mali ya makumbusho ya Louvre. Ni kazi kubwa, ya fundi aliyeujua mwili wa mtu na wa mnyama. Uzito wa fahali waonekana katika magoti yaliyokunjika, na nguvu ya kijana yaonekana katika utulivu wake kuliko katika misuli yake. Lakini uzuri huo wenyewe una hasara. Jicho la mtazamaji hukaa juu ya miili miwili mikubwa, likawasahau wanyama wadogo na wenye mienge, ambao kwa waumini hawakuwa mapambo. Katika London lilipatikana mwaka 1889, penye bonde la kale la Walbrook, bamba jingine, dogo, lililotolewa na askari mstaafu wa jeshi la pili la Augusta, jina lake Ulpius Silvanus. Uchongaji wake si wa kulinganishwa na ule wa Roma. Lakini fundi wake amemzungushia Mithras duara ya buruji kumi na mbili, akaweka Jua na Mwezi juu, na nyuso za pepo za hewa chini. Kwa kufanya hivyo ametaja mahali tendo litendekapo: si zizini, si hekaluni, bali katikati ya mbingu. Kama sanaa, bamba la Borghese lashinda. Kama usemi, lile la London limesema zaidi.

Bamba la Borghese lina fadhila nyingine, nayo yamhusu mwanaisimu hasa: juu ya mwili wa fahali yamechongwa maneno. Baadhi yake ni Kilatini cha wazi, yaani wakfu kwa Mithras, mungu Jua asiyeshindwa. Mengine ni mawili tu: Nama Sebesio. La kwanza lajulikana. Ni neno la Kiajemi la kusalimu na kutukuza, nalo laonekana katika mahekalu mengine ya dini hiyo. La pili limefasiriwa na wataalamu kwa namna nyingi, wala hapana fasiri iliyokubaliwa na wote. Basi hata pale jiwe lilipofunua kinywa, limetamka neno ambalo wenyewe wamekwisha kufa nalo.

Katika hali hiyo hatari ya kwanza ni ya kutia maneno yetu mahali pa maneno yao, na hatari hii huanza na jina la tendo. Je, Kiswahili kisemeje? Kusema kwamba Mithras “amchinja” fahali ni kosa, kwa kuwa kuchinja ni kukata koo, na katika masikio ya watu wengi wa pwani neno hilo lina sheria zake na jina la Mungu lililotajwa juu ya mnyama. Kisu cha Mithras hakikati koo, chadunga. Kusema “tambiko” kwaleta wahenga na ukoo, na Mithras si mhenga wa mtu. “Kafara” yaonyesha balaa inayoondolewa, na “dhabihu” yaleta madhabahu ya Biblia. Hata desturi ya Warumi wenyewe haifanani na sura hii. Katika sadaka yao ya hadhara ng'ombe alipelekwa mbele ya madhabahu, kuhani amejifunika kichwa, na watumishi wakampiga mnyama kwa nyundo au shoka kabla ya kisu. Katika mabamba ya Mithras tendo lenyewe halina msaidizi wala shoka. Mfugaji wa Shinyanga, ajuaye kamba na watu wanaohitajiwa ili kumlaza fahali mmoja, angeona mara moja kwamba hii si habari ya kazi ya kila siku.

Ushahidi wa machimbo ya kale waunga mkono maoni hayo. Mahekalu ya Mithras yalikuwa vyumba vidogo, mithili ya pango, venye baraza mbili ndefu za kuegemea wakati wa karamu, na sura ya fahali mwisho wa chumba. Fahali mzima asingeuawa humo kwa urahisi. Mifupa ipatikanayo katika mahekalu hayo kwa kawaida ni ya kuku na nguruwe wachanga zaidi. Huko Tienen katika Ubelgiji mashimo ya karamu moja kubwa yalijaa mabaki ya kuku. Basi waumini hawakuwa wakitazama picha ya ibada yao wenyewe. Walikuwa wakitazama tendo la mungu, lililotendeka mara moja, nao wakila chini yake. Neno lifaalo ni lile lililo jepesi kuliko yote: kuua. Mithras amemwua fahali. Neno jepesi halina imani ya mtu mwingine ndani yake.

Hatari ya pili ni kubwa zaidi, maana imewapata wanavyuoni wakuu. Franz Cumont, Mbelgiji, ndiye aliyekusanya maandishi na sanamu za dini hii katika miaka ya 1890, na kila mtu aliyeandika baadaye ana deni kwake. Lakini alipotaka kuzisoma sanamu, alikwenda Uajemi kutafuta hadithi. Huko alimkuta Mithra, jina lenyewe, na katika vitabu vya Kiajemi vya baadaye alikuta fahali wa kwanza ambaye kutoka katika mwili wake mfu ilimea mimea. Masuke ya ngano yalionekana kuthibitisha yote. Walakini katika vitabu hivyo amletaye kifo fahali ni Ahriman, roho mwovu, wala si Mithra. Na hapana andiko la Uajemi lijulikanalo ambamo Mithra amwua fahali. Cumont alilijua hilo, akaliziba pengo kwa kukisia. Mwaka 1971, katika mkutano wa wataalamu huko Manchester, John Hinnells na R. L. Gordon waliushambulia msingi wa jengo hilo, na tangu hapo halikusimama tena kama zamani.

Baada ya kuanguka kwa hadithi ya Uajemi wengi waligeukia nyota. Njia hii ina nguvu yake, na msomaji aliyelelewa katika elimu ya falaki ya pwani ataiona upesi kuliko wengi. Fahali ni Thauri; nge ni Akrabu; na kila ajuaye kuhesabu buruji ajua kwamba Thauri na Akrabu hukabiliana, moja ikichomoza nyingine yatua. Nyoka, mbwa na kunguru nao wana nyota zao. Wenye mienge, mmoja juu na mmoja chini, wafaa kuwa dalili za kupanda na kushuka. Na mwanafalsafa Porphyrius, wa karne ya 3, alisema wazi kwamba pango la Mithras lilikuwa mfano wa ulimwengu. David Ulansey, katika kitabu chake cha mwaka 1989, alikwenda mbali zaidi akamfanya Mithras kuwa nguvu iuhamishayo mhimili wa mbingu. Roger Beck naye, mwaka 2006, aliziita ishara hizi lugha ya nyota.

Njia ya nyota ni bora kuliko ile ya Cumont kwa sababu yaanza na vilivyomo katika bamba. Hata hivyo neno “lugha” halifai kutumiwa kwa wepesi. Palipo lugha pana vipashio vinavyobadilishana, na badiliko la kimoja huleta badiliko la maana. Mwanaisimu akitaka kujua kama sauti mbili ni tofauti katika lugha fulani, huweka moja mahali pa nyingine na kutazama kama neno limegeuka. Jaribio hilo laweza kufanywa juu ya mabamba. Wenye mienge hubadilishana mahali: pengine Cautes yuko kuume, pengine kushoto, kufuata nchi na mafundi. Masuke ya ngano huonekana katika mabamba mengi, si yote, na katika sanamu moja ya British Museum masuke yametoka katika jeraha lenyewe, mahali pa damu. Buruji zaweza kuwapo au kukosekana. Lakini goti halikosekani, wala kisu, wala kichwa cha fahali kilichovutwa. Na mara nyingi, japo si katika kila bamba, uso wa Mithras haumtazami amwuaye, bali umegeuka nyuma, kuelekea Jua.

Kwa jaribio hilo chapatikana kitu cha hakika. Liko shina lisilobadilika, nalo ni mtu, mnyama, goti na kisu; na viko viambishi vinavyoweza kuongezwa, kuhamishwa au kuachwa. Yaani sarufi ya sura hii imesalia karibu nzima. Kilichopotea ni msamiati: kila kipashio kiliitwaje na waumini, na kiliambatana na usemi gani. Aliyeingia daraja la kwanza, lililoitwa Kunguru, hapana shaka alisikia maneno mbele ya bamba. Na aliyefikia la saba, lililoitwa Baba, aliyajua mengine yaliyofichwa kwa wa chini. Cumont alijaza msamiati kwa vitabu vya Uajemi, na Ulansey kwa hesabu za falaki. Kila mmoja alipata sentensi iliyokamilika. Lakini hapana awezaye kuonyesha kwamba ndiyo iliyosemwa.

Sasa na igeukiwe nchi ya kusini ya Ziwa, si kwa kutafuta Mithras mwingine, bali kwa kutazama jinsi mambo yawavyo pale msamiati unapokuwapo. Miongoni mwa Wasumbwa, Wanyamwezi na Wasukuma kumekuwako chama cha Waswezi, kiitwacho Buswezi, ambacho watu huingizwa kwa sherehe na kwa siri. Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya Tanganyika, alikiandikia makala katika jarida la American Anthropologist mwaka 1955. Mkuu wa mizimu ya chama hicho ni Lyangombe. Habari zake zaenea hata Buha, Burundi na Rwanda, ambako aitwa Ryangombe. Kama Wanyarwanda wasimuliavyo, alikuwa mwindaji hodari. Mama yake aliota ndoto mbaya akamsihi asiende kuwinda, naye asisikie. Huko porini mbogo alimrusha kwa pembe. Alipokuwa akifa alipokewa na mti wa umuko, wenye maua mekundu. Wafuasi wake wakafa pamoja naye, na makao yake yakawa juu ya mlima Karisimbi. Hata leo umuko ndio mti wa ibada yake.

Mtu mwenye haraka ataona hapa fahali yule yule. Hapa nako mna mtu, mnyama mwenye pembe, damu, siri na kuingizwa kwa sherehe. Hata jina lamsaidia: sikio la mjuzi wa lugha za Kibantu husikia mara moja “ng'ombe” ndani ya Lyangombe, na juu ya silabi hizo angeweza kujenga dini nzima. Lakini mfanano wa silabi si nasaba, kama vile mfanano wa jina haukumfanya Mithra wa Uajemi kuwa mwuaji wa fahali. Masimulizi ya kifo cha Lyangombe hayasemi ng'ombe, yasema mbogo. Na mfugaji hachanganyi wawili hao, kwa maana mmoja ni mali na wa pili ni pori lenyewe. Zaidi ya hayo, Mithras ndiye auaye, na Lyangombe ndiye auawaye. Nguvu ya wa kwanza ni ushindi. Nguvu ya wa pili yatokana na kushindwa kwake.

Faida ya kulinganisha iko mahali pengine. Tuseme fundi fulani wa zamani alichonga kifo cha Lyangombe juu ya jiwe, kisha watu wote waliojua habari zake wakafa, na jiwe likafukuliwa baada ya miaka 1,800. Mtaalamu angeona mwindaji, mbogo na mti. Angesema kwa haki kwamba mwindaji ameshindwa. Je, mti? Angesema ni dalili ya msitu, kama wachongaji wafanyavyo kuonyesha mahali. Asingejua kwamba mti huo ndio uliompokea maiti, wala kwamba wanaoingizwa katika ibada hukusanyika penye mti wa namna hiyo. Na mama? Mama asingekuwamo katika jiwe kabisa, maana hakuwapo porini. Lakini katika masimulizi mama ndiye mwenye neno zito kuliko yote, na kifo chapata maana yake kwa kuwa alionya. Basi sehemu iliyo kubwa ya habari ingekuwa nje ya bamba, na mtaalamu mwangalifu kuliko wote asingeifikia kwa kuangalia tu. Hivyo ndivyo yawezavyo kuwa mambo mbele ya fahali wa Mithras: yawezekana kabisa kwamba mtu aliye muhimu kuliko wote katika habari hiyo hakuchongwa.

Liko somo jingine, nalo lahusu wenye kalamu. Maneno machache juu ya Mithras yaliyosalia vitabuni mengi yaliandikwa na watu wa nje au wapinzani. Justin Martyr, katika karne ya 2, alisema kwamba mkate na maji ya waumini wale ni mwigo uliofundishwa na mashetani. Hieronymus aliyataja madaraja saba akisifu kuvunjwa kwa pango lao. Mambo ya Waswezi nayo yaliandikwa mara nyingi na watu waliotaka yakome, na katika Kiswahili chao Lyangombe aliitwa “shetani” bila kuulizwa wenyewe. Wengine walisema “pepo”, neno la pwani lenye ngoma zake na waganga wake. Wengine “mungu”, ambalo nalo lazidi mno. Kila tafsiri hizo yafanya kazi ya Cumont: yajaza pengo ambalo bado halikuwako. Mwandishi mwaminifu angeliacha jina kama lilivyo, aeleze lifanyalo, kisha alitafute neno la Kiswahili mwisho, si mwanzo.

Kwamba kazi hiyo yawezekana, mfano upo katika nchi iyo hiyo. Chama cha Wayeye, watega nyoka wa Usukuma, kilikuwa na desturi ya kuchora picha katika kuta za nyumba zake kwa ajili ya kuwafundisha wanachama wapya. Cory alizinakili na kuzitoa katika kitabu kilichochapwa London mwaka 1953, akaandika pamoja nazo maelezo yaliyotolewa na wanachama. Kwa jicho la msanii picha hizo ni za mistari michache na rangi chache, wala hazingeshindana na kazi ya fundi yeyote wa Roma. Lakini ukurasa wake mmoja wafundisha jambo ambalo marumaru yote ya Louvre hayawezi kulifundisha, yaani jinsi sura moja ishikavyo usemi mmoja katika kichwa cha mwanafunzi. Ukuta wa udongo hauishi sana. Maneno yaliyoandikwa yameuzidi umri.

Nchi hii imebadilika. Mkoa wa Geita uliundwa mwaka 2012, na dhahabu yake imewavuta watu wa makabila mengi, ambao katika machimbo na masoko hukutana kwa Kiswahili. Hapana haja ya kusikitikia jambo hilo. Kwa Kiswahili ni ushindi. Lakini ushindi una wajibu. Kikiwa Kiswahili ndicho kitakachopokea habari za Lyangombe kutoka katika Kisumbwa, Kizinza na Kisukuma, basi kizipokee zikiwa na maneno yake: jina la kila mti, la kila daraja, la kila kifaa kilichoshikwa mkononi, kwa lugha ya mwenyewe kwanza. Makumbusho ya Bujora, karibu na Mwanza, yamehifadhi ngoma na viti vya watemi wa Usukuma, nayo ni kazi ya kushukuriwa; lakini ngoma iliyokaa rafuni yamhitaji mtu wa kusema ilipigwa lini na kwa neno gani.

Mabamba ya Mithras yatazidi kutazamwa na kusifiwa, na yastahili. Mhakiki atakayekuja ayasome kwa sarufi yake, aonyeshe shina na viambishi, akome pale ushahidi unapokoma. Waswezi hawawezi kuandikwa kwa kanuni hiyo ya kukoma, maana kwao bado kuna wa kuulizwa. Aulizwe mzee wa Bukombe au Kahama, na jibu lake liandikwe kama alivyolitamka, kabla habari ya mbogo haijabaki sura tupu kama ya fahali wa Roma.